Kitambaa Kwenye Mguu wa Yusta

Siku ya tatu ya matanga ya shangazi yangu Magdalena tulikuwa wanawake kama kumi uani kwake, Ilembo, tunachambua mchele, na wifi yangu Yusta alikuwa bado hajadondosha chozi hata moja. Watu walishaanza kusemasema. Yusta ni mke wa Deus, mtoto pekee wa marehemu, na mkamwana asiyemlilia mkwewe huonekana hata msiba uwe umejaa watu namna gani. Alifika kutoka Sibwesa asubuhi ya mazishi, akachechemea mpaka kaburini, akatupa udongo wake, akarudi, akakaa kwenye mkeka. Chakula cha nyumba ile hakukigusa. Alikuwa na matobolwa yake ndani ya mfuko, viazi vile vya kuchemsha na kukausha, akawa anavitafuna taratibu na kushushia chai ya kwenye chupa aliyokuja nayo. Wengine walishangaa. Mimi sikushangaa, maana tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa Yusta hajala wala kulala katika nyumba ya shangazi, na sababu yake naijua kuliko yeye mwenyewe.

Jirani mmoja, mgeni mtaani, akamuuliza kwa upole, "Na mguu, mama, ulifanya nini?" Yusta akaunyoosha ule mguu wa kulia ili kovu lionekane vizuri. "Huu? Huu nilijikata na panga shambani, lakini panga halikunifanya kitu. Marehemu aliniosha kama sufuria mpaka damu ikaniishia. Huyu wifi yangu hapa ndiye aliyeniokoa. Muulizeni, ni nesi." Wanawake wote wakanigeukia. Mimi nikainamia ungo na kutafuta mawe kwenye mchele ambao haukuwa na jiwe hata moja. Hadithi hiyo nimeisikia kwenye harusi, nimeisikia kwenye ubatizo, na kila mara nimepata kitu cha kuinamia. Safari hii yule aliyekuwa akisemwa alikuwa ardhini, hawezi kujibu. Nikahisi aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima mwenye wajukuu.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule niliomaliza kidato cha nne na kuja kwa shangazi kungojea matokeo na nafasi ya chuo. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja chake, chenye picha ya Bikira Maria na pasi ya mkaa iliyokaa juu ya kigae. Kimoja cha Deus na Yusta, waliokuwa wameoana tangu Pasaka iliyopita. Changu kilikuwa katikati, na kuta hazikufika kwenye bati, kwa hiyo hakuna kilichosemwa ndani ya nyumba ile nisikisikie. Shangazi alikuwa mfuaji wa vitambaa vya altare vya kigango chetu, kazi aliyopewa na padre kwa sababu hakuna mwanamke Ilembo aliyejua kutakatisha kama yeye. Divai alijua dawa yake, nta ya mshumaa alijua dawa yake, na damu, padre alipojikata akinyoa ndevu, shangazi alisema hufuliwa kwa maji baridi tu, maji ya moto huifungia ndani. Sufuria zake zilisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ukajiona uso. Mtu akitaka kumuudhi, basi aache mwiko mchafu ndani ya beseni.

Nilimwonea wivu Yusta mwaka ule, niseme ukweli. Shangazi alikuwa amenipokea vizuri, lakini Yusta alimpenda kama binti yake. Alimfundisha kupiga pasi vile vitambaa bila kuacha mkunjo, na jioni walikula sahani moja, wawili, Deus akila peke yake kama mgeni. Chakula kikubwa kilikuwa wali na migebuka, samaki wale wa ziwani, ya kukaangwa. Shangazi akishapalia makaa juu ya mfuniko wa wali, ilikuwa marufuku mtu kugusa. "Usifunue!" alikuwa akipiga kelele hata akiwa chooni, akisikia tu mfuniko umelia. "Wali haupikwi kwa macho!" Na wali ukishapakuliwa, wao wawili walibaki jikoni na sufuria wakikwangua ukoko, wakigawana vipande na kucheka. Nilikuwa nawasikia kutoka chumbani kwangu. Siku moja shangazi alikuwa anamwambia Yusta jinsi Deus anavyokoroma tangu utotoni, na Yusta akacheka mpaka akapaliwa na ukoko, shangazi akawa anampiga mgongoni na kumwambia, "Usinifie, mwanangu, nitampata wapi mwingine?"

Mchana, kazi zikipungua, Yusta alipenda nimsomee daftari langu la bayolojia. Yeye aliishia darasa la saba na aliliona lile daftari kama barua ya mtu aliye mbali. Somo alilolipenda lilikuwa la damu. Nilimsomea kwamba mshipa ukikatwa, jambo la kwanza unalofanya ni kujibana, ili njia ya damu iwe nyembamba. Halafu vinakuja vipande vidogo sana vilivyomo ndani ya damu, vinavyoitwa chembe sahani, vinajibandika pale kwenye ukuta uliochanika, kimoja juu ya kingine, vikiitana, mpaka vimeziba kama kizibo. Lakini kizibo hicho ni dhaifu. Ndipo vitu vingine vilivyoyeyuka ndani ya damu vinaamshana kwa zamu, cha kwanza kinaamsha cha pili, cha pili cha tatu, na mwisho wake ni nyuzi nyembamba zinazojifuma juu ya kile kizibo. Chembe nyekundu zinanasa humo kama dagaa kwenye wavu, na hapo ndipo bonge la damu linaposhika. "Kumbe tumebeba fundi ndani!" Yusta alisema. Shangazi alikuwa anachambua maharage mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Damu iliyoganda imekufa. Kilichokufa hakikai pamoja na kilicho hai, kitaozesha. Bibi yangu alikuwa anaitoa yote mpaka inakuja nyekundu safi." Nikafunga kurasa. Daftari lilisema vingine, lakini nilikuwa nakula chakula chake.

Mwezi wa sita uliofuata tulikwenda Sibwesa kuvuna mpunga, sisi wanne, tukalala kwenye kibanda cha nyasi pembeni ya shamba. Hata huko shangazi alibeba sabuni na bunda la vitambaa vyeupe, vile vilivyochakaa ambavyo havifai tena altareni. Asubuhi ya siku ya tano hivi, jua likiwa halijawa kali, Yusta alikwenda kuchanja kuni za chakula cha mchana. Gogo lilikuwa na umande. Panga liliteleza likamkata upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, nimejikata," kama mtu anayesema chumvi imekwisha, kisha akakaa chini. Damu ilikuwa inaruka, siyo kutiririka. Inaruka, inatulia, inaruka, kwa kufuata moyo. Deus alitupa mundu akatimua mbio kutafuta trekta kwa mtu tuliyepakana naye shamba, na tukabaki wanawake watatu.

Shangazi alifanya kila kitu kwa mapenzi, hilo nataka lieleweke. Alimlaza Yusta kwenye mkeka, akachukua kitambaa cheupe, akakandamiza. Mkono wake ulikuwa imara kuliko wa daktari yeyote niliyefanya naye kazi baadaye. Damu ikapungua. Ikaanza kuwa nzito, nyeusi kidogo pembeni, ikashika. Hapo ndipo shangazi akafunua, akachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, akaifuta yote. "Tutoe hii iliyokufa," alisema, "kidonda kisije kuoza." Damu ikaruka upya. Akakandamiza tena, ikashika tena, akafuta tena. Nilikuwa nimeshika kichwa cha Yusta mapajani na nilikuwa naona, sawa na mtu anayesoma, nyuzi zinafumwa na nyuzi zinang'olewa. Nilijua neno kwa neno kilichokuwa kinatokea. Na sikusema. Mtoto wa kaka yake, niliyekuja na begi moja, nimwambie shangazi kwamba hajui kusafisha? Alipofuta mara ya tatu midomo ya Yusta ilikuwa imebadilika rangi, akaniangalia juu akasema, "Wifi, lile daftari lilisemaje?"

Ndipo nikaweka mkono. Nilichukua kitambaa kikavu, nikakikunja, nikakibandika juu ya jeraha, nikakilalia kwa viganja vyote viwili. Shangazi akasema, "Subiri nisafishe." Nikasema, "Shangazi, ondoa mkono." Akauliza, "Unasema?" Nikarudia, "Ondoa mkono wako. Asiguse mtu." Sijawahi kusema na mkubwa namna ile, kabla wala baada. Aliniangalia kwa muda, mikono yake ikiwa na damu mpaka kwenye viwiko, halafu akauondoa. Akaenda kukaa pembeni na kushika rozari. Mimi nikabaki pale pale, magoti kwenye mabua ya mpunga, mpaka Deus alipokuja na trekta lenye tela. Kitambaa kilikuwa kimelowa mwanzo, halafu hakikulowa zaidi. Damu ilikuwa imesimama. Yusta akaomba maji.

Hadithi ya Yusta inaishia hapo, kisha inarukia zahanati. Kuna kipande yeye hakukiona kwa sababu alikuwa amefumba macho. Tulipanda kwenye tela, Yusta amelala juu ya magunia, mimi nimeshika mguu, shangazi amekaa mkabala nami na rozari yake, Deus yuko mbele na dereva. Mwendo wa kufika zahanati ulikuwa kama saa mbili na barabara ni ile mnayoijua. Katikati ya safari viganja vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, hata sikujua kama bado vinakandamiza. Na siyo ganzi tu. Niseme lote. Nilitaka kuona. Nilikuwa nimemwamuru mtu mzima kwa nguvu ya daftari, nikataka kuona kwa macho yangu kama daftari lilisema kweli. Nikashika pembe ya kitambaa nikaifunua kidogo, kwa sekunde moja. Kitambaa kilikuwa kimegandana na jeraha. Kiling'oka na bonge lote, jeusi, laini, kubwa kama ini la kuku, na nyuma yake damu ikaruka ikanipiga kwenye gauni. Nikarudisha mkono haraka. Lakini mwili uliokwishafanya kazi ile mara nne ulikuwa umechoka kuifanya, safari hii damu haikutaka kusimama. Yusta akazimia. Deus akageuka akauliza kuna nini, nikamjibu, "Ni haya mashimo!"

Mganga wa zahanati alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka. Aliandaa uzi na sindano huku mimi nimekandamiza, akatazama kitambaa, akamtazama Yusta, akauliza kwa ukali, "Hiki kidonda kimefunuliwa. Nani alikuwa anafunua?" Nikainamia mguu wa Yusta. Nilisikia nzi. Kisha shangazi akasema, "Ni mimi, daktari. Nilikuwa namsafisha." Mganga akamsema pale pale, mbele ya mwanawe, maneno ambayo mwanamke wa umri ule haambiwi. Kwamba angemuua mke wa mtu kwa usafi. Shangazi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nami nilikuwa na mdomo, nikaufunga.

Walimshona, wakamsafirisha mpaka hospitali ya mjini, Deus akatoa damu, Yusta akaongezewa. Alikaa wodini wiki mbili. Panga lilikuwa limegusa ukano unaovuta unyayo, ndiyo sababu ya kuchechemea, na hilo lisingezuiwa na mtu yeyote, ila Yusta hajaliamini mpaka leo. Aliporudi Ilembo hakukaa hata wiki. Mchana mmoja nilikuwa chumbani kwangu nikawasikia kupitia juu ya ukuta. "Sitakula tena kwenye mkono wake, Deus," Yusta alisema. "Nilimwita mama. Nilimwambia kichwa kinazunguka, akaendelea kufuta. Kila nikimwona na kitambaa nasikia baridi." Deus akasema mama hakukusudia. Yusta akasema, "Ng'ombe naye hakusudii, lakini amekukanyaga." Nilitoka uani nikamkuta shangazi ameinama kwenye beseni, anasikia kila neno kama nilivyosikia mimi. Alikuwa anafua kile kitambaa nilichokikandamiza. Kwa maji baridi. Alikuwa amekifua tayari kikawa cheupe, lakini aliendelea kukifua.

Walihamia Sibwesa, wakajenga kule kule shambani, na hawakurudi tena kuishi Ilembo. Mimi yule mganga aliniandikia barua nzuri ya kunisifu, nikaenda nayo kwenye chuo cha uuguzi, nikapokelewa. Nimefanya kazi ile mpaka kustaafu. Nimekandamiza majeraha ya mapanga, ya pikipiki, ya wanawake waliojifungua njiani, na wanafunzi walionipitia watawaambia kwamba kwa jambo moja nilikuwa mkali kupita kiasi. Ukishaweka kitambaa usichungulie. Kikilowa ongeza kingine juu, usitoe cha chini. Walidhani ni ukali wa kitaalamu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo sikuwahi kumwambia mtu, na kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi. Mwanzoni ningemuumiza Yusta kwa kusema. Baadaye ningejiumiza mimi. Mwishoni ikawa ni aibu tu ya kuchelewa.

Pale uani, na ungo mapajani, nikaona nikinyamaza leo nitanyamaza mpaka matanga yangu mwenyewe. Nikasema, "Wifi, siyo shangazi aliyekumalizia damu. Shangazi alikosea shambani, mara tatu, ni kweli. Lakini ulikuwa umepona ulipopanda trekta. Damu ilikuwa imesimama. Mimi nilifunua kwenye tela. Nilitaka kuona."

Wanawake waliacha kuchambua. Yusta aliniangalia bila kupepesa. "Ulitaka kuona nini?"

"Kama imeganda."

"Na ile zahanati? Mama si alisema ni yeye?"

"Alisema ni yeye."

Aliurudisha mguu wake chini ya kanga. Kisha akauliza swali nililoliogopa kuliko yote. "Mama alijua?"

Nikamweleza. Ilikuwa kiangazi kilichopita, shangazi alikuwa ameshaanza kulala kitandani mchana, nami nilikuwa namkanda miguu kwa mafuta. Nikamwambia ghafla, bila kupanga, kwamba siku ile kwenye tela ni mimi niliyefunua. Akasema, "Najua. Nilikuona. Nilikuwa nimekaa mbele yako na macho yalikuwa mazima." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kama anayemweleza mtoto kitu kilicho wazi, "Ningesema, ungeachia mkono." Nikamuuliza, na kule zahanati, daktari alipouliza? Akasema, "Kule ulikuwa bado umeshika." Na miaka yote iliyofuata, shangazi?  Alinyoosha mguu wa pili akasema huu nimeusahau. Nilipomaliza kuukanda akauliza kama nimemwona Yusta siku za karibuni, na kama kule Sibwesa kuna mtu anayembakizia ukoko.

"Aliuliza hivyo?" Yusta alisema.

"Hivyo hivyo."

Alivuta kanga akajifunika uso, na sauti iliyotoka huko ndani sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. "Mama! Mama yangu! Mama!" Wanawake wengine nao wakaangua kilio, na Deus alikuja mbio kutoka kwa wanaume akidhani kuna mwingine amekufa. Nilinyoosha mkono nimshike Yusta begani, akaupiga. "Wewe usinisogelee leo," alisema ndani ya kanga. Nikasogea. Alikuwa na haki.

Jioni, watu walipokwisha kupakuliwa, alinyanyuka mwenyewe akachechemea mpaka jikoni kwa shangazi. Nilimfuata kwa mbali nikasimama mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amebana sufuria ya wali kati ya magoti, anakwangua ukoko kwa mwiko na kula, huku machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Alikula nusu. Nusu nyingine aliisogeza upande mmoja wa sufuria kama mtu anayemwekea mwenzake, akafunika kwa mfuniko. Kisha akasema, bila kunitazama, lakini alikuwa anasema na mimi:

"Usifunue."